Mshauri wa usalama wa usafiri wa anga

Mshauri wa usalama wa usafiri wa anga ni mtaalamu anayeajiriwa kwa mkataba na serikali, mamlaka ya viwanja vya ndege, shirika la ndege au kampuni ya mizigo ili achunguze jinsi wanavyojikinga na uhalifu wa makusudi dhidi ya ndege, abiria na wafanyakazi, kisha aeleze kasoro zilizopo na namna ya kuzirekebisha. Uhalifu huo ni pamoja na utekaji nyara wa ndege, utegaji wa mabomu, hujuma dhidi ya mitambo ya kuongozea ndege, na siku hizi pia uvamizi wa mifumo ya kompyuta na matumizi mabaya ya droni, yaani ndege nyuki. Mshauri hana mamlaka ya kumkamata mtu wala ya kufunga kiwanja. Anachokabidhi ni ripoti, mpango au mafunzo, na uamuzi hubaki kwa aliyemwita.

Jina na maana

Neno "usalama" huleta utata katika fani hii, kwa sababu Kiswahili hulitumia kwa mambo mawili ambayo wataalamu wa anga huyatenganisha. La kwanza ni kujikinga na ajali: injini iliyochakaa, rubani aliyechoka, ukungu, au mnyama aliyeingia kwenye barabara ya kurukia. La pili ni kujikinga na mtu mwenye nia mbaya. Mafunzo ya mambo haya mawili ni tofauti, wakaguzi wake ni tofauti, na mara nyingi hata idara ni tofauti. Mhandisi anayejua kila msumari wa ndege anaweza asijue lolote kuhusu jinsi bunduki inavyofichwa kwenye redio.

Baadhi ya waandishi hutumia "ulinzi" kwa maana ya pili. Neno hilo linatenganisha vizuri, ila humfanya msomaji afikirie mlinzi wa getini mwenye rungu na tochi, ilhali mlinzi huyo ni sehemu ndogo tu ya mfumo mzima. Makala hii inatumia "usalama" kwa maana ya pili, kama ilivyozoeleka ofisini.

Chimbuko la taaluma

Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, ulioweka msingi wa usafiri wa anga wa kimataifa na kuzaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ulipoandikwa haukuzungumzia utekaji wa ndege. Wakati ule hatari iliyoogopwa ilikuwa ajali. Utekaji ulipozidi katika miaka ya 1960, nchi zilikubaliana mikataba mitatu kwa mfululizo: wa Tokyo (1963) kuhusu makosa yanayotendwa ndani ya ndege, wa The Hague (1970) kuhusu utekaji, na wa Montreal (1971) kuhusu hujuma. Tarehe 22 Machi 1974 ICAO ilipitisha Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, ambacho mpaka leo ndicho msingi wa kazi yote ya usalama wa anga. Tanganyika ilikuwa imejiunga na ICAO mwaka 1962, muda mfupi baada ya uhuru.

Kiambatisho hicho hakielezi aina ya mashine ya kununua. Kinaidai kila nchi iwe na mpango wa kitaifa wa usalama wa usafiri wa anga, mpango wa mafunzo, na utaratibu wa kujikagua yenyewe. Kinataka pia kila kiwanja kiwe na mpango wake kilichouandika, na kila mkaguzi wa abiria apimwe na kupewa cheti. Hapo ndipo kazi ya mshauri ilipozaliwa. Nchi nyingi zilitia saini haraka, kisha zikagundua kwamba hazina watu wa kutosha wa kuandika mipango hiyo. Waliojua walianza kuitwa kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Matukio yaliyoifunza Afrika Mashariki

Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kutua Athens, ikapelekwa Entebbe nchini Uganda. Mateka waliokolewa na makomando wa Israeli usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. Watekaji walikuwa wamepanda Athens pamoja na abiria wengine, na kwa hiyo somo lililobaki kwa wataalamu ni kwamba ndege iliyokaguliwa vizuri mwanzo wa safari inaweza kuharibiwa na kituo cha katikati.

Kwa Tanzania tukio kubwa ni la tarehe 26 Februari 1982. Boeing 737 ya Air Tanzania iliyokuwa ikifanya safari ya ndani, kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ilitekwa na vijana wa Kitanzania waliotaka Rais Julius Nyerere ajiuzulu. Ilipelekwa Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, na mwishowe ikatua Stansted karibu na London. Oscar Kambona, waziri wa zamani wa mambo ya nje aliyekuwa akiishi uhamishoni Uingereza, alishiriki katika mazungumzo, na watekaji wakajisalimisha tarehe 28 Februari. Rubani msaidizi alijeruhiwa kwa risasi. Hakuna abiria aliyeuawa. Ilibainika baadaye kwamba baadhi ya silaha walizotishia nazo zilikuwa za bandia, na watekaji walihukumiwa vifungo na mahakama ya Uingereza.

Tukio hilo linastahili kusomwa kwa makini kuliko linavyosomwa. Ndege haikutekwa kutoka katika kiwanja kikuu cha kimataifa. Ilikuwa safari ya nyumbani, ya aina ambayo watu huichukulia kama kupanda basi. Bastola moja iliyopita Mwanza ilitosha kuifikisha ndege Ulaya. Tena, silaha ya bandia ina nguvu ileile ya kutisha kama ya kweli pindi ndege ikishakuwa hewani, kwa kuwa hakuna rubani atakayejaribu kupima ipi ni ipi. Ndiyo maana ukaguzi hupiga marufuku hata bastola za kuchezea za watoto, jambo ambalo wazazi wengi huliona kuwa usumbufu tu.

Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi kutoka Addis Ababa ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Komoro. Watu 125 kati ya 175 walikufa. Tarehe 28 Novemba 2002 makombora mawili yanayorushwa kutoka begani yalifyatuliwa kuelekea ndege ya Arkia ilipokuwa ikiruka kutoka Mombasa. Yalikosa. Tangu hapo washauri katika ukanda huu hawaishii tena kwenye uzio. Hutembea pia mashamba na vichaka vilivyo chini ya njia ya ndege inayopaa. Na tarehe 2 Februari 2016, katika ndege ya Daallo iliyotoka Mogadishu, bomu lililofichwa kwenye kompyuta mpakato lilitoboa ubavu wa ndege. Picha za kamera za kiwanja zilionyesha wafanyakazi wa ndani wakimpa mlipuaji kompyuta hiyo baada ya yeye kupita ukaguzi. Hatari ya mfanyakazi msaliti, ambayo zamani ilitajwa kwa aya moja katika mipango mingi, sasa ni sura nzima.

Elimu na njia ya kuingia

Hakuna shahada moja inayomfanya mtu awe mshauri wa fani hii. Wengi huingia wakiwa watu wazima, baada ya miaka kadhaa ya kazi nyingine: polisi, jeshi, idara ya usalama ya shirika la ndege, usimamizi wa kiwanja, au ukaguzi katika mamlaka ya serikali. Wachache ni wanasheria, na wengine ni wahandisi wa mashine za ukaguzi. Kila asili ina nguvu na upungufu wake. Askari mstaafu anajua kumsoma mtu na kuhifadhi ushahidi, lakini pengine hajawahi kukaa mbele ya skrini ya eksirei kwa saa nane. Aliyekuwa meneja wa kiwanja anajua kwa nini taratibu hukiukwa asubuhi ndege inapochelewa, ila huenda akawa mwepesi wa kuwasamehe wenzake.

Kinachowaunganisha ni ngazi ya mafunzo inayotambuliwa na ICAO. Ngazi ya chini ni kozi ya msingi kwa maofisa wa usalama na cheti cha ukaguzi wa abiria na mizigo. Zinafuata kozi za wasimamizi, mameneja, wakufunzi na wakaguzi wa kitaifa. Juu yake iko kozi ya usimamizi wa kitaalamu ambayo ICAO huiendesha kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Concordia cha Montreal. Mshauri mzuri kwa kawaida amefundisha mwenyewe na amewahi kukagua nchi au kiwanja rasmi, si kuhudhuria kozi pekee.

Katika Afrika Mashariki mafunzo haya hutolewa hasa na Chuo cha Usafiri wa Anga cha Dar es Salaam, kilicho chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na chuo cha usafiri wa anga cha Nairobi kilichoko Embakasi, ambacho ni kituo cha ICAO cha mafunzo ya usalama. Chuo cha Soroti, Uganda, kinajulikana zaidi kwa marubani na wahandisi. Kijana aliyemaliza shule katika kata kama Rusimbi, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, hana budi kusafiri kuifuata fani hii. Njia iliyo wazi kwake si kutafuta "kozi ya ushauri" moja kwa moja, bali kuanza kama mkaguzi wa abiria au ofisa usalama wa kiwanja, na kupanda. Kiingereza kizuri kinahitajika, kwa kuwa nyaraka zote za msingi ziko katika lugha sita za ICAO, ambazo ni Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kifaransa ni nyongeza kubwa kwa mtu wa Kigoma, ambaye majirani zake ng'ambo ya ziwa na mpakani ni Kongo na Burundi.

Sharti jingine halina cheti: historia safi. Kiambatisho cha 17 kinataka wanaopewa dhamana ya usalama au kuruhusiwa kuingia maeneo yaliyozuiwa wafanyiwe uchunguzi wa maisha yao ya nyuma, ikiwemo rekodi ya makosa ya jinai pale sheria inaporuhusu. Mtu aliyedanganya kuhusu kazi yake ya zamani katika barua ya maombi huanguka hapa, hata kama ujuzi wake ni wa kweli.

Mshauri na vyombo vya serikali

Nchini Tanzania TCAA, iliyoanza kazi kama mamlaka Novemba 2003, ndiyo mdhibiti. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, TAA, iliyoundwa mwaka 1999, huendesha viwanja vya Tanzania Bara, na Zanzibar ina mamlaka yake. Polisi wana kikosi cha viwanja vya ndege. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa kuoanisha kanuni, CASSOA, wenye makao Entebbe. Juu ya wote ICAO imekuwa ikikagua nchi wanachama tangu mwaka 2002. Mara nyingi mshauri huitwa kabla ya ukaguzi huo ili kufanya ukaguzi wa majaribio, au baada yake ili kusaidia kuziba mapengo yaliyoonekana.

Mfano wa kiwanja kidogo: Kigoma

Vitabu vya fani hii hutoa mifano ya viwanja vikubwa, lakini kazi nyingi ya mshauri katika Afrika Mashariki iko kwenye viwanja vya mikoa. Kiwanja cha Ndege cha Kigoma, chenye alama ya TKQ kwenye tiketi, kimo ndani ya manispaa, kikiwa kimezungukwa na makazi ya watu. Kinahudumia wafanyabiashara, watumishi wa serikali, wafanyakazi wa mashirika ya misaada kwa wakimbizi, na watalii wanaoelekea Hifadhi za Gombe na Mahale. Mahale kuna kiwanja cha ndege ndogo ambako ukaguzi hauwezi kufanana na ule wa mjini. Mshauri anapaswa kuuliza mapema: abiria aliyetoka huko kwa ndege ndogo akishuka Kigoma, je, anachanganyika na waliokwisha kukaguliwa kabla ya wao kupanda ndege kubwa? Jibu hutegemea mahali ukuta na mlango vilipojengwa. Kigoma ni miongoni mwa viwanja vinne, pamoja na Tabora, Shinyanga na Sumbawanga, vilivyoingizwa katika mradi wa uboreshaji kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Wakati mzuri wa kumwita mshauri ni michoro ikiwa bado mezani. Ukuta ukishasimama, kosa la mchoro hulipwa kwa kuajiri mlinzi wa kusimama hapo daima.

Jambo la pili ni mizigo ya wenyeji. Mashine ya eksirei haioni "bomu". Huonyesha vitu kwa rangi kulingana na asili yake: vitu vya asili ya viumbe na vilipuzi vingi huonekana vya machungwa, metali buluu, na vilivyo katikati kijani. Sukari, asali, sabuni na vyakula vilivyoshikamana huweza kufanana na kilipuzi kwenye skrini. Abiria wa Kigoma hubeba mawese, dagaa, asali na sabuni. Mkaguzi aliyefundishwa kwa picha za mizigo ya Ulaya pekee atafungua kila begi kwa wiki mbili, kisha atachoka na kuacha kufungua hata lile lililopaswa kufunguliwa. Kwa hiyo mshauri makini hukusanya bidhaa za sokoni, huzipitisha kwenye mashine hiyohiyo, na kutengeneza mazoezi kutokana nazo. Huangalia pia muda wa zamu: kanuni za Ulaya kwa kawaida haziruhusu mkaguzi kutazama skrini zaidi ya dakika 20 mfululizo, kwa sababu jicho huzoea na kuacha kuona. Katika kiwanja chenye wafanyakazi wachache, agizo hilo ni rahisi kuliandika kuliko kulitekeleza, na mshauri asiyeonyesha watu wa kubadilishana watatoka wapi hajashauri kitu.

La tatu ni heshima. Katika mji ambamo mkaguzi anamjua abiria, ni mzazi wa rafiki yake au sheikh wa msikiti wake, ni vigumu kumwambia mzee avue mkanda na viatu. Mara nyingi mzee hupitishwa kwa shikamoo. Ukali hautibu hali hiyo. Kinachosaidia ni utaratibu unaomwondolea mkaguzi uamuzi: kila mtu bila kubagua cheo, chumba cha faragha, mwanamke kukaguliwa na mwanamke, na maneno ya kistaarabu yaliyokubaliwa tangu mwanzo. Kiongozi mkubwa wa mkoa akikubali kukaguliwa mbele ya watu siku ya kwanza, wengine hufuata.

Abiria wa Kigoma anayeunganisha safari ya nje hukaguliwa tena Dar es Salaam. Hapo hukutana na masharti ambayo pengine hakuelezwa, hasa kanuni ya vimiminika visivyozidi mililita 100 kwa chombo katika mzigo wa mkononi. Kanuni hiyo ilienea baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya Agosti 2006 ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji. Chupa ya mawese aliyopewa na mama huishia pipani. Tangazo dogo kwenye dawati la tiketi lingemwokoa, na mapendekezo ya namna hii, yasiyo na gharama, huonekana katika ripoti bora.

Shehena

Tawi linalokua la kazi hii ni mizigo isiyo na abiria. Umoja wa Ulaya unataka mashirika yanayopeleka shehena huko kutoka nchi za nje yathibitishwe na mhakiki huru katika kila kiwanja yanakopakia, na tangu Julai 2014 sharti hilo limekuwa la lazima. Maua ya Kenya na minofu ya sangara wa Ziwa Victoria hupita katika mlango huo. Samaki hai wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, ambao kwa miongo mingi wamesafirishwa kwa ndege kwenda kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani, ni mtihani wa peke yake: wamo ndani ya mifuko ya maji na oksijeni, hawawezi kucheleweshwa, na kufungua mfuko ni kuwaua. Mhakiki hutazama basi mlolongo mzima tangu kufungasha: nani alikuwepo, sanduku lilifungwa wapi, na nani aligusa lakiri njiani.

Maadili na mipaka

Jina la "mshauri" halilindwi na sheria jinsi jina la daktari au wakili linavyolindwa. Vyeti vya ukufunzi na uhakiki vinaweza kuthibitishwa kwa aliyevitoa, na mwajiri anapaswa kufanya hivyo kabla ya kusaini mkataba. Dalili mbili hutia shaka. Ya kwanza ni mshauri anayelipwa pia na muuza mashine, kwa kuwa ripoti yake huishia kwenye mashine hiyo. Ya pili ni mpango wa kiwanja kimoja ulionakiliwa kwa kingine na kubadilishwa jina tu. Hutambulika kirahisi pale unapotaja geti au jengo ambalo halipo.

Siri nayo ina sheria zake. Kiambatisho cha 17 chenyewe husomwa na yeyote, lakini mwongozo wa ICAO wa usalama wa anga, unaojulikana kwa namba 8973, hutolewa kwa wahusika tu, na ndivyo ilivyo kwa mipango ya viwanja na matokeo ya majaribio ya ukaguzi. Mshauri hatakiwi kutaja kiwanja alichokuta na kasoro, hata anapotafuta kazi nyingine. Kwa sababu hiyo wasifu wa washauri wengi hutaja nchi walizofanyia kazi na aina ya kozi walizofundisha, na kuishia hapo. Vyeti vya ukaguzi na ukufunzi vina muda wa mwisho, na mwenye navyo hupimwa upya kila vinapoisha.